Kiti cha Nyuma Kiko Jikoni

Daktari wa meno alifika saa tatu kamili asubuhi, kama alivyoahidi, na Fundi aliona mara moja kwamba viatu vyake havijawahi kukanyaga oili. Lakini alipofika mbele ya gari alisahau kila kitu. Alisimama tu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akachuchumaa mbele ya zile fito za chuma zinazokinga rejeta, akazikagua moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, kama vile amemwambia mgonjwa aachame.

"Kumi na nane," alisema. "Na zote ni zake mwenyewe."

"Zote," Fundi alijibu, kifua kikimpanuka bila ruhusa yake. "Tatu zilikuwa zimepinda. Nilizinyoosha kwa nyundo ya mbao. Sikubadilisha hata moja."

Daktari akainuka ghafla, aibu usoni. "Shikamoo, mzee wangu. Nimesahau hata kukusalimu."

"Marahaba. Usijali. Hata mimi huwa namsalimia yeye kwanza."

Gari lilikuwa la rangi ya maziwa, milango minne, taa mbili za duara mbele, na lilitoka kiwandani wakati Fundi angali anacheza gololi. Alilinunua likiwa limeshazeeka, kabla hajaoa. Ndiyo maana mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu ingawa alikuwa amestaafu, aliliita Bi Mkubwa. "Mimi nilimkuta," aliwaambia wageni. "Nikaambiwa nimheshimu, nikamheshimu."

Bi Mkubwa aliwabeba miaka miwili tu ya ndoa, kisha injini ikafa. Pesa ya kuifufua haikuwepo. Gari likasukumwa hadi nyuma ya nyumba, likafunikwa turubai, likakaa hapo miaka zaidi ya ishirini na tano. Fundi alipostaafu alilifunua, akakohoa kwa vumbi, akakunja mikono ya shati. Kazi ilimchukua miaka sita. Siku injini ilipoitika kwa mara ya kwanza, Mwalimu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, na Fundi akaona kwamba mkewe analia. Yeye alisingizia moshi.

Halafu, mwanzoni mwa mwaka huu, daktari wa macho akamwambia bila kuzunguka kwamba asishike tena usukani. Mwalimu hakuwahi kujifunza kuendesha. Binti yao, mpima ardhi aliyeishi mji mwingine, alikuwa na gari lake dogo la kisasa lenye sauti ya mwanamke inayomwelekeza njia, na hakuwa na mahali pa kuweka la pili. Fundi alijua kinachotokea gari likisimama. Mafuta yanaganda, mipira inakauka, breki zinashikana, panya wanahamia. Alishamwona Bi Mkubwa akifa mara moja na hakutaka kumwona akifa mara ya pili. Basi aende kwa mtu.

Binti akapiga picha, akazirusha mtandaoni. Wa kwanza kuja alitaka kutoa injini na kuweka nyingine kubwa. Fundi alimwonyesha geti kwa adabu zote. Wa pili ndiye huyu Daktari, mwanachama wa chama cha wapenda magari ya zamani. Chama hicho, alieleza kwenye simu, kilikuwa na maonyesho kila mwaka. Magari ya kawaida yalipangwa uwanjani. Yale ya asili kamili yaliwekwa ndani ya ukumbi, na mbele ya kila moja kulikuwa na kibao cha shaba kinachotaja mwaka wa gari na jina la fundi aliyelifufua.

"Rudia hapo," Fundi alisema. "Mtandao unakatakata."

Mtandao ulikuwa mzima. Alitaka tu kusikia tena. Miaka thelathini na minne alifanya kazi katika karakana ya kampuni ya usafirishaji. Alifufua malori, mabasi, na gari moja la wagonjwa ambalo kila mtu alikuwa ameshalikatia tamaa. Kila gari lilipotoka, karatasi iligongwa mhuri wa kampuni. Hakuwahi kulalamika, kazi ni kazi. Lakini jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye kitu chochote alichokitengeneza, na sasa alikuwa na miaka sitini na sita. Usiku na mchana alikiona kile kibao.

Kwa hiyo binti aliposoma swali kwenye fomu ya chama, "Je, sehemu zote za asili za gari zipo?", Fundi hakusita. "Andika zipo zote."

Na wala hakudanganya. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Daktari alitoa mfukoni kijikioo cha duara chenye mpini mrefu, kile kile cha kuchungulia magego, akakipitisha nyuma ya bampa na chini ya bawaba za milango. Fundi alimtazama kwa mapenzi. Miaka yote ile alikuwa akichungulia kwa kipande cha kioo alichofunga kwenye waya, na kumbe dunia ilikuwa na chombo kama hiki.

"Safi," Daktari alinong'ona. "Safi sana. Hapa hakuna kutu hata ya dawa." Akaketi mahali pa dereva. "Saa ya dashibodi iko wapi?"

"Iko sebuleni."

"Imeharibika?"

"Iharibike vipi? Nimeifunga betri ndogo, inakwenda kuliko ya simu yako."

Daktari aliandika kwenye daftari. "Na kioo cha ndani, cha kutazama nyuma?"

"Kiko bafuni. Ndicho cha kunyolea ndevu."

Binti alikuwa ameegemea ukuta, mkono mdomoni. "Baba! Mbona hukuniambia? Mimi nimeandika zipo zote."

"Kwani hazipo?" Fundi alishangaa kweli kweli. "Kuna kimoja kilichotoka nje ya geti hili?"

Ndivyo alivyoona mambo. Gari lilipokufa, nyumba ilikuwa changa na tupu, haina saa wala kioo. Akafungua kimoja, akafungua kingine, kwa muda tu. Miaka ikapita. Alipoanza kulifufua gari alikumbuka kila nati, lakini vile vilivyokuwa ndani ya nyumba vilikuwa vimegeuka kuwa nyumba. Mtu hatembei kwake akihesabu kioo cha bafuni kama spea.

Mwalimu alitokea na sinia la chai, akalitua kwenye kigoda; kwenye boneti hakuthubutu. Daktari akamwamkia, kisha akarudi kwenye dashibodi, akaipapasa kwa viganja vyote viwili.

"Mama, unaiona mbao hii? Hii ndiyo iliyonivuta kwenye picha. Tazama mistari yake. Zamani viwandani kulikuwa na watu wanaojua kuchagua mti."

"Hiyo ni rafu ya kabati langu," Mwalimu alisema.

Daktari akaondoa viganja.

"Ya kwanza ililiwa na mchwa," Fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi nimekwenda kuchukua shuka, nakuta shuka zangu ziko sakafuni. Zimepangwa vizuri, sikatai. Lakini sakafuni."

Daktari alicheka mpaka akashika usukani ili asianguke. Alikuwa mtu mwema, Fundi aliona. Hakucheka kwa dharau. Mbao ya asili anayo moja nyumbani, alisema, ya gari kama hili lililochinjwa ili kuuza spea. Saa itarudi, kioo kitarudi. Hakuna kilichoharibika. Akafungua mlango wa nyuma, akainua shuka la maua lililotandikwa pale, na chini yake akakuta kiti cha basi dogo, chekundu, kimefungwa kwa kamba.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "na kiti cha nyuma?"

Fundi alimtazama mkewe. Mwalimu alitazama chai.

"Kiti cha nyuma," Fundi alisema, "kiko jikoni."

Kilikuwa chini ya dirisha, juu ya fremu ya mbao, kirefu, cha ngozi iliyokuwa ya kahawia na sasa ilikuwa na rangi isiyo na jina. Mwalimu alipokuwa na mimba ya miezi saba walikuwa na vigoda viwili tu, na mgongo ulimsumbua. Fundi alirudi kazini siku moja, akapitiliza hadi nyuma ya nyumba, akakitoa kiti kwenye gari lililokufa, akakiingiza ndani amekibeba kichwani. Mwalimu alikikalia, akanyoosha miguu, akafumba macho. "Ukikirudisha nakifuata huko huko," alisema. Tangu siku hiyo kilikuwa mahali pake. Alisahihishia hapo madaftari ya watoto wa watu. Binti alijifunza kusimama kwa kukishika ukingo. Mama mzazi wa Fundi, miezi yake ya mwisho, alipenda kulala hapo mchana kwa sababu ya jua la dirishani. Fundi mwenyewe hakukikalia mara nyingi. Kila alipojaribu aliambiwa atakipaka grisi.

Walikitoa nje, Fundi upande mmoja na binti upande wa pili, wakakilaza kwenye turubai. Daktari alipiga goti, akakipapasa. Kisha akaomba wakigeuze na wakunjue ngozi upande wa chini.

Fundi ndiye aliyeikunjua, na mikono yake ikasimama.

Kwa juu kilionekana kiti kilichochakaa chenye vistari vyembamba hapa na pale, kama mikunjo ya uso. Kwa chini kilikuwa kimejaa nyuzi. Kila mahali ngozi ilipopasuka, mtu alikuwa ameweka ukanda wa kitambaa nyuma yake na kuushona, tundu kwa tundu, kwa mkono, ili juu usionekane. Nyuzi zilikuwa za kila rangi. Fundi alikuwa amegusa kazi za watu maisha yake yote, na kazi nzuri aliijua hata akiwa gizani. Umbali kati ya mshono na mshono ulikuwa sawa kuanzia ukingo hadi ukingo. Yeye asingeweza.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza, kwa upumbavu tu, kwa sababu jibu lilikuwa limesimama hapo na birika.

"Nani mwingine?" Mwalimu alisema. "Ulidhani ngozi inajiponya? Kila likizo nilikuwa nakuta pamepasuka mahali."

"Hukuniambia."

"Wewe uliniambia ulipolala chini ya gari lako siku nzima unafanya nini? Nilikuwa naona miguu tu."

Binti alikuwa amepiga magoti. "Hii ya bluu ni sare yangu ya shule! Mama, hii si sare yangu?"

"Pindo lake. Ulikuwa umerefuka. Hiyo ya kijani ni pazia. Nyeusi nilipewa na fundi viatu, nyeupe ni shuka alilofunikwa bibi yako. Hizo za karibuni sijui, nilinunua dukani kama watu wengine."

Daktari alisubiri wamalize. Alipoongea, aliongea polepole, kama mtu anayejua kwamba sindano itauma.

"Fundi, gari lako ni zuri kuliko yote niliyoona mwaka huu. Lakini sheria za chama sikuzitunga mimi. Ngozi ya kiti iwe haijaguswa, au kama imekwisha ibadilishwe kwa ngozi ya aina ile ile, rangi ile ile, mshono wa kiwandani. Iliyotiwa viraka hairuhusiwi. Watafungua, watatazama chini kama mimi. Nina fundi wa viti, mtu makini. Atafumua nyuzi hizi, atatoa vipande vilivyopasuka, ataweka vingine. Springi zitabaki zile zile. Gari litaingia ukumbini. Kibao chako kipo."

"Daktari," Fundi alisema, "jino la mtu likitoboka unaling'oa?"

"Naliziba, kama linazibika."

"Kwa nini usimtie jipya, jeupe, zuri?"

"Kwa sababu jino la mtu mwenyewe…" Daktari akaishia hapo, akatabasamu, akakuna kisogo. "Umenishika. Haki ya Mungu umenishika. Lakini ukinishika mimi hujakishika chama."

"Fumueni," Mwalimu alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nyuzi ni nyuzi. Mnanitazama nini? Mume wangu amelala kwenye saruji miaka sita kwa ajili ya gari hili. Mimi nitatafuta pa kukaa, maduka yamejaa viti. Fumueni, aandikwe jina lake." Akachukua vikombe ambavyo watu hawajamaliza kunywa, akaingia navyo ndani.

Wakakubaliana kwamba kiti kitachukuliwa Jumatatu. Daktari alipoondoka, binti alitaka kusema kitu, akamtazama baba yake, akaamua kufagia uwanja uliokuwa safi.

Jumapili mchana jikoni palikuwa na uwazi mrefu chini ya dirisha. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, mgongo ameuegemeza ukutani, na kila baada ya kiazi kimoja alijinyoosha kidogo. Hakulalamika. Alikuwa hata akiimba, na hilo ndilo lililomkera Fundi, kwa sababu alimjua: Mwalimu akiimba wakati wa kumenya viazi, kuna kitu anakikanyaga kisitoke.

Kiti kilikuwa sebuleni, kimepinduliwa juu ya magazeti. Fundi alikuwa ameamua kwamba nyuzi zile hatazifumua mtu mgeni. Kama ni lazima zitoke, azitoe yeye. Alichukua wembe, akavaa miwani yake miwili, mmoja juu ya mwingine, akachagua mshono mfupi pembeni.

"Huu ni wa lini?" aliita.

"Upi?"

"Wa njano. Wa kona."

"Mwaka ule ulipovunjika mkono," sauti ilijibu kutoka jikoni. "Ulikuwa huna kazi ya kufanya, ukakikalia wiki tatu. Wewe ndiye uliyepasua."

Fundi alikata uzi wa njano. Ulikatika kwa sauti ndogo. Akauvuta, akauweka kwenye gazeti, na akagusa ngozi kwa kidole ili aone ilivyo chini yake.

Ngozi ilifunguka. Haikupasuka pale pale pa zamani tu. Ilikwenda, ikaenda, upana wa kiganja, kama mkate uliokauka. Fundi aliondoa kidole haraka. Akakaa akipatazama. Akagusa taratibu mshono wa jirani, bila kuukata, akasikia kwa ncha za vidole kile ambacho alipaswa kukisikia jana, kama asingekuwa amelewa na kibao. Ngozi ya kiwandani ilikuwa imekwisha siku nyingi. Haikuwa na nguvu ya kushika hata uzito wake. Kilichokuwa kimeshika kiti kile, kilichowabeba mkewe na binti yake na mama yake, kilikuwa ni uzi. Fundi wa viti akifumua, hatatoa vipande viwili vitatu. Atatupa ngozi yote. Kisha ataweka mpya, na chama kitaandika kwamba ni ya asili.

Alicheka peke yake, kicheko kisicho na sauti. Kisha hakucheka tena. Alifikiria ukumbi, taa zake, watu wakiinama kusoma jina lake na kulitamka. Alijiruhusu kulifikiria mpaka mwisho, kama mtu anayemalizia kikombe. Kilikuwa kitamu. Halafu akainuka, magoti yakilia, akaenda hadi mlango wa jikoni.

"Mwalimu. Njoo na sindano."

"Ya nini?"

"Nimeharibu kazi yako."

Alikuja, akapiga magoti kando yake, akakitazama kile kidonda alichokifungua. "Wewe mzee," alisema, "umekata au umetafuna?"

"Shona."

"Si kinaondoka kesho?"

"Hakiondoki."

Mwalimu alishusha sindano. "Usinifanyie hivyo. Usije ukanifanya mimi sababu. Kesho kutwa utakaa hapo kimya, umekunja uso, na mimi nitajua ni kwa ajili ya kibao."

"Nitakunja siku mbili tatu," Fundi alikiri. "Utanivumilia. Lakini nimekaa na mafundi tangu nikiwa kijana, na hakuna hata mmoja aliyenionyesha kazi kama hii. Ningeona mtu anaifumua karakanani ningempiga spana. Sasa niifumue mwenyewe, ya mke wangu, ili watu nisiowajua wasome jina langu?"

Mwalimu akainua tena sindano. Alitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza, akakosa. Mara ya pili, akakosa. Fundi akamvulia mmoja wa miwani yake, akampa. Mara ya tatu uzi ukaingia.

Jioni hiyo alimpigia Daktari, binti akiwa amekaa karibu, ameweka simu kwenye spika bila kuombwa. Fundi alieleza yote bila kupamba. Mbao ya dashibodi Daktari ataibadilisha akitaka, saa na kioo vinarudi, lakini kiti hapana. Fundi atatengeneza kingine, kipya, kwa mikono yake. Gari halitakuwa la asili kamili, na fomu ile irekebishwe, kwa sababu yale aliyoandikisha si kweli.

Upande wa pili kurasa za daftari zilisikika zikifunuliwa.

"Hutaingia ukumbini," Daktari alisema mwishowe.

"Najua."

"Na bei itashuka."

"Hilo nalo najua. Nikuulize kitu kimoja tu. Yale ya ukumbini huendeshwa?"

"Ya ukumbini?" Daktari alisita. "Hapana. Yanaletwa juu ya lori, yanasukumwa mpaka mahali pake. Mwenyewe akiliendesha linachakaa, linapungua alama. La kwangu la kwanza sijaliwasha mwaka wa tatu huu."

Binti alimtazama baba yake. Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Mwaka wa tatu! Daktari, mipira yake itakuwa imekauka!"

"Inawezekana."

"Si inawezekana. Imekauka. Na hili utaliweka kwenye lori?"

"Hili?" Sauti ya Daktari ilibadilika, ikawa ya kijana. "Kama ni la uwanjani, Fundi, hili nitaliendesha kwenda kazini."

Wakakubaliana bei, na Fundi akataja sharti lake moja: likikohoa, aletewe yeye kwanza, lisije likaguswa na mtu wa mtaani. Binti alipokata simu alimkumbatia baba yake kwa nguvu mpaka miwani ikamwangukia. "Umesema ukweli," alisema. "Basi, inatosha."

"Na jina langu je?" Fundi alisema, nusu utani. Nusu nyingine ilimuuma, na aliiacha iume.

Kutengeneza kiti kipya kulichukua wiki mbili. Fundi alichomelea fremu, akapanga springi, akakata sponji. Ngozi walikwenda kuichagua wote wawili, na Mwalimu aliwachosha wauzaji watatu kabla hajaridhika. Kisha wakaketi sebuleni, ngozi imetandazwa kati yao, yeye akimfundisha. Pitisha kutoka chini. Vuta, usikokote. Pima kwa ukucha, usipime kwa jicho, jicho lako tunalijua. Fundi, aliyeweza kurekebisha vali kwa kusikiliza tu, alijichoma mara nne katika robo saa.

"Fumua," Mwalimu alisema akiutazama mshono wake.

"Mbona umenyooka?"

"Umenyooka kama njia ya ng'ombe. Fumua."

Akafumua, akaanza tena, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Mwalimu alikuwa ameshamaliza ukingo mmoja na alikuwa akimsubiri, mikono magotini, amekaa kwenye kiti chake ambacho wakati huo kilikuwa kimerudi chini ya dirisha. Walikuwa wamehamishia kazi jikoni, kwa ajili ya mwanga na kwa ajili ya mgongo.

"Daktari ana mke?" aliuliza.

"Anaye. Na watoto wawili."

"Basi watoto watakaa nyuma." Alifikiri kidogo. "Aliye mzito atakaa upande gani?"

"Nitajuaje?"

"Muulize."

Fundi akampigia Daktari, akamuuliza, akasubiri, akasikiliza, akashukuru. "Kulia," alisema. "Mkubwa hukaa kulia siku zote, wanagombana wasipopangwa hivyo."

Mwalimu akamsogezea ngozi, akaigeuza, na kumwekea mbele upande wa kushoto.

"Kulia nashona mimi," alisema.